Nani achague sura ya kumbukumbu ya vita Zanzibar?

JENGO jeupe lenye kuba kubwa lililopo Mnazi Mmoja, pembezoni mwa Mji Mkongwe wa Zanzibar, linafahamika kwa wakazi wengi wa Unguja kama makumbusho. Wapo wageni wanaolidhania msikiti. Ni wachache wanaolitazama kama lilivyokusudiwa lilipofunguliwa mwaka 1925, yaani kumbukumbu ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia.

Jina lake, Beit el Amani, Nyumba ya Amani, linataja amani iliyopatikana mwaka 1918. Halisemi vita ilikuwaje wala nani aliyekufa. Karibu karne moja baadaye, jengo limebaki na sifa ya uzuri wake, huku jambo lililolifanya lijengwe likiwa limefifia katika fikra za watu wanaolipita kila siku.

Hali hiyo si bahati mbaya. Inatokana na namna kumbukumbu hiyo ilivyoamuliwa, nani aliyeiagiza na nani aliyeichora. Nayo inaibua swali linalohusu kila mji unaotaka kuwaenzi watu wake waliokufa vitani: je, sura ya kumbukumbu ichaguliwe na nani, na kwa utaratibu gani?

Swali hili lina uzito wa leo. Wazanzibari wameendelea kufa katika vita na operesheni za kijeshi tangu enzi hizo wakiwa ndani ya Jeshi la Wananchi wa Tanzania, na majina ya waliokufa katika vita vya 1914 hadi 1918 yameanza kutafutwa upya. Siku ambayo Unguja itaamua kusimamisha kumbukumbu mpya, itahitaji kujua makosa ya ile ya kwanza.

Vita iliyofika bandarini

Kwa Zanzibar, Vita Kuu ya Kwanza haikuwa habari ya mbali. Alfajiri ya Septemba 20, 1914, manowari ya Ujerumani, Königsberg, iliikuta manowari ya Uingereza, Pegasus, imetia nanga katika bandari ya Unguja ikifanyiwa matengenezo ya mitambo. Mizinga ya Königsberg ilikuwa na masafa marefu zaidi, hivyo Pegasus haikuwa na uwezo wa kujibu. Mabaharia 38 walipoteza maisha na meli ikazama.

Mabaharia wa Pegasus wana makaburi katika kisiwa cha Chapwani, kinachoonekana kutoka Forodhani. Hata mizinga ya meli hizo mbili ina mahali pake: mmoja wa Pegasus na mmoja wa Königsberg imewekwa mbele ya Ngome ya Yesu, Mombasa.

Waliokosa mahali ni wengine. Vita ya Afrika Mashariki ilipiganwa katika nchi isiyokuwa na barabara za kutosha, na ambayo mbung'o waliua farasi na punda. Chakula, risasi na majeruhi vilibebwa na binadamu. Wanahistoria wanakadiria kuwa wapagazi wapatao 95,000, na huenda zaidi, walikufa upande wa Uingereza pekee, wengi wao kwa njaa, kuhara damu na homa, si kwa risasi.

Kikosi chao cha wapagazi ndicho kilichozaa jina la Kariakoo, linalotumika hadi leo Dar es Salaam na, kwa matamshi yanayokaribiana, Nairobi. Soko lina jina la kikosi, lakini waliokuwa ndani ya kikosi hicho hawana jiwe lenye majina yao.

Msanifu aliyekuwa ndani ya serikali

Aliyechora Beit el Amani alikuwa John Houston Sinclair, Mwingereza aliyesomea usanifu wa majengo kabla ya kuingia katika utumishi wa serikali ya kikoloni. Ndiye pia aliyechora jengo la Mahakama Kuu pale Vuga na Posta ya Shangani. Katika majengo hayo alichanganya matao, kuba na mapambo yaliyochukuliwa kutoka nchi za Kiarabu na Mashariki ya Mediterania, mtindo ambao mpaka sasa unatambulisha upande huo wa mji.

Sinclair hakuwa msanifu tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 alikuwa Balozi Mkaazi wa Uingereza, mwakilishi mkuu wa himaya hiyo visiwani, wakati Sultani Khalifa bin Harub akiwa kwenye kiti cha enzi. Kwa maneno mengine, aliyechora kumbukumbu na serikali iliyoihitaji walikuwa upande mmoja wa meza.

Haki ya Sinclair haina budi kutajwa. Kazi yake ina heshima kwa mazingira. Hakuleta sanamu ya mtu aliyebeba bunduki na kuisimamisha katika mji ambao wakazi wake wengi ni Waislamu, na ambako sanamu ya binadamu haina nafasi katika desturi za ibada na mapambo. Alileta kuba na matao, vitu ambavyo macho ya Mzanzibari yalikwisha kuvizoea.

Vilevile jengo lilipewa kazi. Badala ya kuwa nguzo ya kuwekewa mashada mara moja kwa mwaka, lilifanywa makumbusho, na Dkt. Alfred Spurrier, tabibu aliyefanya kazi miaka mingi visiwani, akawa msimamizi wake wa kwanza. Vizazi vya wanafunzi vimeingia humo kuangalia vitu vya kale, likiwemo sanduku la dawa la David Livingstone.

Lakini hapo ndipo tatizo lilipo. Jengo lilifanikiwa sana kama makumbusho kiasi cha kushindwa kama kumbukumbu. Aliyeingia alijifunza habari za Livingstone, lakini alikosa cha kumkumbusha mpagazi aliyekufa kwenye mabonde ya Rufiji. Mchoro ulijibu vizuri swali lililoulizwa na watawala, yaani amani ishereheheshwe vipi. Swali la nani alikufa halikuwa sehemu ya jibu lake.

Sanamu moja, miji mitatu

Upande wa pili wa bahari, Dar es Salaam ilipata kumbukumbu yake kwa njia nyingine. Mahali ambapo Wajerumani walikuwa wamesimamisha sanamu ya gavana wao Hermann von Wissmann, ambayo Waingereza waliing'oa walipouteka mji mwaka 1916, pakawekwa Sanamu ya Askari mwaka 1927. Ilichongwa na James Alexander Stevenson, mchongaji wa Kiingereza, ambaye pia alitengeneza za Nairobi na Mombasa.

Huo ni utaratibu wa kuagiza: mchongaji mmoja, ofisi moja ya mamlaka iliyoko mbali, miji mitatu yenye historia tofauti. Ulikuwa na faida moja ambayo Beit el Amani haina. Mwafrika aliyepigana anaonekana, na katika sanamu ya Nairobi mpagazi naye amesimama pamoja na askari. Maandishi yaliyowekwa chini yake yanaahidi kuwa jina la anayekufa kwa ajili ya nchi yake litakumbukwa na wanawe. Hata hivyo, ahadi hiyo imeandikwa juu ya jiwe lisilokuwa na jina hata moja.

Kukosekana kwa majina hakukuwa usahaulifu wa mchongaji. Aprili 2021, kamati maalumu iliyoundwa na Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilichapisha ripoti iliyokiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine kufikia 350,000, waliokufa wakiitumikia Uingereza katika vita hiyo hawakutajwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, wengi wao wakiwa Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati. Serikali ya Uingereza iliomba radhi bungeni. Ripoti ilionyesha kuwa uamuzi wa kutoandika majina ulipitishwa na maofisa walioamini kwamba Mwafrika hahitaji kaburi lenye jina.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza mnara uwe mrefu kiasi gani au kuba iwe na rangi gani, kuna uamuzi unaotangulia. Nao hufanywa kwenye karatasi ambayo umma huioni mara chache: hadidu za rejea anazopewa msanifu. Kama hadidu hizo hazidai majina, hakuna msanifu, hata awe hodari vipi, atakayelazimika kuyaweka.

Njia ya mashindano

Njia ya tatu ni mashindano ya wazi. Mfano unaotajwa zaidi duniani ni wa kumbukumbu ya vita vya Vietnam mjini Washington, Marekani. Mwaka 1981 michoro 1,421 iliwasilishwa ikiwa na namba badala ya majina, na jopo la watu 8 likaichambua bila kujua nani amechora nini. Mshindi alikuwa Maya Lin, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Yale mwenye umri wa miaka 21, na binti wa wahamiaji kutoka China.

Ni vigumu kuamini kwamba angepewa kazi hiyo kama jina lake, umri wake na asili yake vingewekwa mezani tangu mwanzo. Mchoro wake ulikuwa ukuta mweusi ulioingia ardhini, wenye majina ya Wamarekani waliokufa, zaidi ya 57,000 wakati huo. Hadidu za rejea ndizo zilizotaka majina yote yawepo. Lin aliyafanya yawe ndiyo kumbukumbu yenyewe.

Mashindano hayakuzuia ugomvi. Baadhi ya wapiganaji wa zamani waliuita ukuta huo kovu la aibu, na suluhu iliyopatikana ilikuwa kuongeza sanamu ya askari watatu mwaka 1984. Lakini ukuta ulijengwa kama ulivyochorwa, kwa sababu utaratibu ulioupata ulikuwa umewekwa wazi na haukuweza kutenguliwa kwa simu ya mkubwa mmoja.

Mfano ulio karibu zaidi na Zanzibar ni wa Cape Town, Afrika Kusini. Januari 2025 ilizinduliwa huko kumbukumbu ya watu weusi zaidi ya 1,700 waliokufa wakifanya kazi za kubeba na kuhudumia majeshi katika Vita Kuu ya Kwanza. Mchoro uliochaguliwa ni wa kampuni ya wasanifu ya Dean Jay. Kila marehemu ana nguzo yake ya mbao ngumu ya mvule, yenye jina lake. Hakuna kuba wala sanamu, lakini ndugu anayefika hapo anaweza kugusa jina la babu yake.

Shirika la UNESCO lina mapendekezo yaliyopitishwa mwaka 1956 na kurekebishwa mwaka 1978 kuhusu mashindano ya kimataifa ya usanifu. Kiini chake ni kwamba washindani wasijulikane kwa majina, jopo liwe huru na liwe na wasanifu wengi, na anayeandaa mashindano aheshimu uamuzi uliotolewa. Kanuni hizo hazihitaji fedha nyingi. Zinachohitaji ni mwenye madaraka kukubali kufungwa mikono kabla hajaona michoro.

Mipaka ya Mji Mkongwe

Zanzibar ina ugumu ambao miji mingi haina. Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na ujenzi ndani yake unasimamiwa na Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Mradi mkubwa unapaswa kuarifiwa kwa Kamati ya Urithi wa Dunia kabla uamuzi haujafikia mahali pasipoweza kurudishwa nyuma.

Kisa cha Mambo Msiige, jengo la kale la Shangani lililogeuzwa kuwa hoteli ya kitalii na kufunguliwa mwaka 2015, kilionyesha gharama ya kupuuza mpangilio huo. UNESCO ililalamikia ukubwa na urefu wa jengo jipya lililoongezwa kando yake. Lalamiko lilikuja ujenzi ukiwa umekwenda mbali, wakati ambao marekebisho ni magumu na kila upande unalinda hadhi yake.

Kumbukumbu ya vita inaweza kuangukia katika mtego huo huo. Mnara unaochorwa kwanza kisha ukatafutiwa kiwanja utazozana na paa za jirani. Kiwanja kikichaguliwa mwanzo, pamoja na urefu wa mwisho na vifaa vinavyoruhusiwa kutajwa katika hadidu za rejea, msanifu atajua uwanja wake wa kuchezea ni upi.

Zaidi ya hapo kuna utunzaji. Desemba 25, 2020, sehemu kubwa ya Beit el Ajaib, kasri lililojengwa mwaka 1883, iliporomoka likiwa katika matengenezo na kuua watu wawili. Hewa ya chumvi ya Unguja haina huruma na chokaa wala chuma. Mchoro usioeleza nani atapaka chokaa baada ya miaka 10 haujakamilika, hata uwe mzuri kiasi gani.

Ipo pia sheria ya ununuzi na uondoshaji wa mali za umma ya mwaka 2016. Sheria za namna hiyo zimetungwa kulinda fedha za wananchi, na kwa kawaida huufaa mkataba wa barabara au wa kujenga skuli. Kumbukumbu ni jambo jingine. Mzabuni wa bei ndogo anaweza kuwa mkandarasi bora, lakini bei haiwezi kusema ni mchoro upi utakaomfanya mama aliyefiwa na mwanawe aone kwamba ametendewa haki. Hivyo ni busara kutenganisha hatua mbili: jopo lichague mchoro kwanza, kisha zabuni itafute mjenzi wake.

Yaliyokwisha kujengwa

Baada ya mwaka 1964 Zanzibar imejenga alama nyingine za historia yake. Michenzani unasimama mnara wa kuadhimisha miaka 50 ya Mapinduzi, iliyotimia mwaka 2014. Mkunazini, katika eneo la Kanisa Kuu la Anglikana lililojengwa palipokuwa na soko la watumwa, ipo kazi ya msanii wa Sweden, Clara Sörnäs, ya mwaka 1998. Inaonyesha watu waliofungwa minyororo wakiwa ndani ya shimo.

Kazi hizo mbili zinatofautiana kwa kila hali, lakini zinafundisha somo moja. Ile ya Michenzani inazungumza kwa urefu, kwa sauti ya dola. Ile ya Mkunazini iko chini ya usawa wa ardhi, na anayeitazama hulazimika kuinamisha kichwa. Uchaguzi wa umbo ni uchaguzi wa mtazamaji asimame wapi mbele ya yaliyopita.

Wakati huohuo kuna matukio ambayo hukumbukwa vitabuni zaidi kuliko katika jiwe. Agosti 27, 1896, manowari za Uingereza ziliushambulia kwa mizinga ufukwe wa kasri baada ya Khalid bin Barghash kukalia kiti cha usultani bila ridhaa yao. Ilidumu chini ya saa moja. Dunia huitaja kama vita fupi kuliko zote, kana kwamba ni mchezo. Watu wapatao 500 wa upande wa Zanzibar waliuawa au kujeruhiwa siku hiyo.

Karibu zaidi na kumbukumbu za walio hai, Tanzania huwaenzi mashujaa wake kila Julai 25, na waliokufa katika vita vya Kagera vya 1978 na 1979 wana makaburi yao Kaboya, mkoani Kagera. Desemba 7, 2017, askari 14 wa Tanzania waliokuwa wakilinda amani chini ya Umoja wa Mataifa waliuawa kwa shambulio la usiku huko Semuliki, mashariki ya Kongo. Baadhi yao walikuwa Wazanzibari, na miili yao ilirejeshwa kuzikwa visiwani.

Familia hizo zinajua majina. Hazihitaji msanifu kuwaambia. Kinachobaki kwa mji ni kuamua kama majina hayo yatabaki ndani ya nyumba zao au yatapewa nafasi mahali pa wazi.

Kinachotangulia mchoro

Kutokana na mifano hiyo, mji unaotaka kumbukumbu ya haki una mambo manne ya kuyamaliza kabla ya kumwita msanifu. Kwanza, ni kusema wazi wanaokumbukwa ni akina nani, na kukusanya majina kadiri yanavyopatikana. Hapo ndipo penye mjadala mgumu, kwa kuwa historia ya Zanzibar ina vifo ambavyo jirani mmoja huviita ushindi na mwingine huviita msiba. Ni heri mjadala huo ufanyike mezani kuliko kufanyika mbele ya jiwe lililokwisha simama.

Pili, ni kuteua kiwanja na kupata kauli ya wahifadhi mapema. Tatu, ni kuunda jopo ambalo wasanifu ni wengi, lakini ambalo ndani yake wamo wanahistoria na wawakilishi wa familia za waliokufa. Nne, ni kuonyesha michoro yote kwa wananchi kabla uamuzi haujatangazwa, ili anayeshindwa ashindwe hadharani na anayeshinda awe na sababu zinazojulikana.

Wapo watakaosema utaratibu huo ni mrefu na kwamba serikali ina kazi za haraka zaidi, zikiwemo hospitali na maji. Hoja hiyo ina ukweli. Lakini kumbukumbu ikijengwa kwa haraka hukaa muda uleule wa karne moja, pamoja na makosa yake. Beit el Amani ni ushahidi.

Jengo la Sinclair halina haja ya kubadilishwa. Kuba yake ni sehemu ya sura ya Unguja, na kuliharibu kungekuwa kosa jingine juu ya la kwanza. Lakini ndani ya kuta zake ipo nafasi ya orodha. Tangu ripoti ya 2021, Tume ya Makaburi ya Vita imekuwa ikitafuta upya majina katika nyaraka za Afrika Mashariki. Yale ya Wazanzibari yatakapopatikana, yatahitaji ukuta, na Nyumba ya Amani ilijengwa kwa ajili ya vita ileile iliyowaua.

Kazi hiyo haihitaji kuba mpya wala mnara. Inahitaji mtu wa kuandika majina kwa usahihi, kwa herufi ambazo mjukuu wa mpagazi ataweza kuzisoma akiwa amesimama.